Bruda chafu ya gesi inavyomla mfugaji faida

MIEZI ya Juni na Julai katika Njombe, Makete na Mafinga si ya kumpokea kifaranga wa siku moja bila maandalizi. Usiku mwingine baridi hushuka hadi karibu na nyuzi sifuri, na asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu. Kifaranga huyo, ambaye bado hana manyoya bali vinyoya laini tu, anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi kwenye usawa wa mgongo wake katika wiki ya kwanza. Pengo la nyuzi zaidi ya 30 lililopo kati ya baridi ya nje na mahitaji yake lazima lizibwe na mfugaji, tena kwa fedha taslimu.

Kwa miaka mingi pengo hilo limezibwa kwa jiko la mkaa lililowekwa katikati ya banda, au kwa chungu kilichojazwa makaa na kufunikwa. Wapo pia wanaotumia taa za chemli na balbu. Sasa wafugaji wengi wa kuku wa nyama na wa mayai wanahamia kwenye bruda ya gesi, ile inayoning'inizwa juu ya vifaranga kama mwavuli na kushusha joto chini. Haina moshi, joto lake hupandishwa na kushushwa kwa kuzungusha kitufe, na haihitaji mtu kuamka saa nane usiku kuchochea moto.

Tatizo ni kwamba wengi huinunua wakiamini ni kifaa cha kuwasha na kusahau. Banda la kuku ni mahali pabaya sana kwa chombo chochote chenye matundu madogo. Vumbi la maranda, unga wa chakula, vinyoya na hewa kali ya mkojo wa kuku huingia kila penye upenyo. Bruda iliyofanya kazi vizuri kwa kundi la kwanza huanza kutoa mwali wa njano kwa kundi la pili, na kufikia kundi la tatu mfugaji analalamika kwamba gesi inakwisha haraka na vifaranga bado wanalundikana. Kwa kawaida mtungi ndio unaolaumiwa kwanza.

Hesabu kabla ya kununua

Kabla ya kuzungumzia usafi, ni vyema mfugaji ajue gesi inakwenda wapi. Kilo moja ya gesi ya mitungi ina joto la takriban megajuli 46. Kilo moja ya mkaa mzuri, mkavu, ina megajuli 29 hivi. Maana yake ni kwamba kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo 1.6 za mkaa. Mfugaji anayetaka kulinganisha achukue bei ya kilo moja ya mkaa sokoni kwake, aizidishe kwa 1.6, kisha aweke jibu kando ya bei ya kilo moja ya gesi. Katika maeneo mengi ya vijijini atakuta mkaa bado ni nafuu. Asidanganyike na gunia, kwani gunia halina uzito mmoja. Alipime kwenye mizani.

Hivyo mwuza bruda anayedai kwamba gesi ni rahisi kuliko mkaa kila mahali anazungumzia biashara yake. Faida ya gesi iko kwingine. Jiko la mkaa haliwezi kupunguzwa saa saba mchana jua linapochoma mabati, wala kuongezwa saa kumi alfajiri bila mtu kuamka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mkaa huungua wakati hauhitajiki, na vifaranga hupigwa na baridi wakati ambao makaa yamekuwa majivu.

Chukua mfano wa mfugaji mwenye vifaranga 400 na bruda ndogo yenye nguvu ya kilowati 2. Ikiwaka kwa moto wote, bruda hiyo hula gramu 156 za gesi kwa saa, yaani mtungi wa kilo 15 hudumu saa 96. Tuseme wiki ya kwanza inawaka kwa wastani wa saa 16 kwa siku, ya pili saa 10, na ya tatu saa 6 za usiku tu. Jumla ni saa 224, au kilo 35 za gesi, ambayo ni chini kidogo ya mitungi miwili na nusu. Mgawanyo wake ni kama gramu 88 kwa kila kifaranga. Mfugaji akishajua bei ya kilo moja mahali alipo, anaweza kuandika gharama ya joto kwa kila kuku kwenye daftari lake, kama anavyoandika chakula na chanjo.

Gharama hiyo ikizidi ya mkaa, tofauti igawanywe kwa bei ya kifaranga mmoja. Jibu ndilo idadi ya vifaranga ambao gesi inapaswa kuwaokoa ili ijilipe. Mara nyingi idadi hiyo ni ndogo, lakini ni kwa bruda inayowaka sawasawa. Bruda iliyoziba inaweza kula gesi ileile na kutoa joto pungufu, na hapo hesabu yote huharibika.

Soma rangi ya mwali

Ndani ya bruda, gesi hutoka kwenye tundu dogo sana linaloitwa nozeli na kuingia kwenye bomba fupi. Mwendo wake wa kasi huvuta hewa kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa bomba hilo. Gesi na hewa vikichanganyika kwa kipimo, mwali huwa wa bluu na mtulivu, au kama bruda ni ya kigae, uso wake hung'aa wekundu wa machungwa kwa usawa kutoka pembe hadi pembe.

Mwali wa njano unaopepesuka na kuacha masizi maana yake hewa ni pungufu. Ni nadra kosa kuwa la gesi yenyewe. Mara nyingi matundu ya hewa yamezibwa na vumbi, au buibui amejenga ndani ya bomba. Buibui hawa si hadithi. Hupenda sana mabomba ya bruda iliyokaa stoo miezi miwili.

Wafugaji wa nyanda za juu wana jambo la ziada. Hewa ya Njombe, kwa sababu ya mwinuko, ni nyembamba kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Bruda iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani inaweza kuwaka njano Njombe hata ikiwa mpya na safi. Bruda nyingine zina kifuniko kidogo cha kuongeza au kupunguza hewa; kifunguliwe taratibu hadi njano ipotee. Zisizo nacho zinahitaji nozeli ndogo zaidi, na hiyo ni kazi ya fundi aliyeuza au anayefahamu aina hiyo.

Mwali wa njano una hatari kuliko upotevu wa gesi. Gesi isipoungua yote hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua kifaranga na humwua pia kijana aliyelazwa bandani kulinda. Banda lililofungwa mapazia yote, lenye bruda chafu na mtu amelala ndani, ni mahali pa kumkuta mtu amekufa asubuhi. Jiko la mkaa lina sumu hiyohiyo, tena kwa wingi zaidi.

Kusafisha

Kazi ya kusafisha huchukua chini ya saa moja na inapaswa kufanyika kila kundi linapotoka, kabla banda halijaoshwa. Wengi hufanya kinyume: huiacha bruda ikining'inia, kisha hurusha maji na dawa ukutani. Maji yakiingia ndani ya bomba huleta kutu, na dawa za klorini hula shaba ya nozeli na viungio. Hewa ya amonia inayotoka kwenye takataka za kuku nayo hushambulia shaba polepole, ndiyo sababu bruda isiachwe bandani juu ya maranda ya zamani.

Kwanza mtungi ufungwe, bruda iachwe ipoe, kisha iteremshwe na kupelekwa nje. Kama ina kichujio cha hewa, kivuliwe na kukung'utwa. Kile kinachoruhusiwa kuoshwa kioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Vumbi la juu ya mwavuli lifutwe kwa kitambaa kikavu, kwani mwavuli mchafu hauakisi joto chini.

Matundu ya hewa na bomba hupigwa brashi laini, hata mswaki wa zamani unatosha, kisha hupulizwa. Aliye karibu na gereji atumie upepo wa kompresa kwa msukumo mdogo, akipuliza kutoka upande wa mwali kurudi nyuma ili uchafu usisukumwe ndani zaidi. Kigae kisipigwe brashi ya waya wala kuguswa na maji. Hupasuka, na kigae chenye ufa huruhusu moto kurudi nyuma ndani ya bomba.

Nozeli ndiyo inayoharibiwa zaidi na mikono ya watu. Tundu likiziba, wengi huchukua sindano au waya wa baiskeli na kulichokonoa. Shaba ni laini. Tundu likipanuka hata kidogo, gesi inayopita huongezeka, hewa inabaki ileile, na mwali unakuwa wa njano siku zote. Nozeli iliyoziba ifunguliwe kwa spana, ilowekwe kwenye maji ya sabuni au spiriti, ipulizwe, ikaushwe. Ikikataa, inunuliwe mpya yenye namba ileile iliyochongwa ubavuni. Ni kipuri kidogo kuliko vyote na bei yake hailingani na mtungi mmoja unaopotea.

Baki kijiti cha chuma chenye waya mwembamba wa shaba kinachokaa ndani ya mwali, ambacho mafundi hukiita themokapo. Kikipata moto hutoa umeme mdogo sana unaoshikilia koki ya usalama iwe wazi. Moto ukizimika, kijiti hupoa na koki hujifunga. Hii ndiyo sababu mfugaji hutakiwa kushikilia kitufe kwa sekunde 20 hadi 30 wakati wa kuwasha. Bruda inayozimika kila kitufe kinapoachiwa, mara nyingi ina masizi kwenye ncha ya kijiti au nati yake imelegea. Ncha isuguliwe taratibu kwa msasa laini na nati ikazwe kwa vidole kisha robo mzunguko kwa spana. Isipopona, kijiti kibadilishwe.

Hapa kuna mtindo mbaya wa kuacha. Baadhi ya mafundi, wakikosa kipuri, huifunga koki hiyo iwe wazi daima kwa waya au huiondoa kabisa. Bruda itawaka, na mfugaji atamshukuru fundi. Upepo ukipenya usiku na kuzima mwali, gesi itaendelea kutoka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo itajaa chini, ndani ya duara la vifaranga, ikisubiri kiberiti.

Mtungi, mpira na regyuleta

Mtungi usimame wima, nje ya banda, chini ya kivuli chenye hewa. Mtungi uliolazwa hupeleka gesi ya maji kwenye regyuleta. Mpira upitishwe juu, mbali na panya na mwavuli wa moto, na ubanwe kwa vibano vya chuma badala ya kufungwa kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Mipira mingi huwa na mwaka uliochapishwa. Ulio mgumu, wenye nyufa au uliotafunwa utupwe bila kujadiliana. Bruda yenyewe ining'inizwe kwa mnyororo. Kamba ya katani huungua, na bruda ikianguka juu ya maranda makavu, banda halina dakika nyingi.

Regyuleta nazo si zote sawa. Ile ya jiko la nyumbani hutoa gesi kwa msukumo mdogo wa takriban milibari 30. Kuna bruda zilizotengenezwa kwa msukumo huo na nyingine kwa msukumo mkubwa zaidi. Kibao kilichobandikwa kwenye bruda husema. Kikiwa kimefutika, mwuzaji aulizwe kabla ya kuunganisha.

Kila mtungi mpya unapofungwa, viungio vyote vipakwe povu la sabuni. Povu likivimba, kuna uvujaji. Kupima kwa kiberiti ni kujitafutia kifo.

Wafugaji wa sehemu za baridi hulalamika kwamba mwali hunywea saa tisa au kumi alfajiri ilhali mtungi bado una gesi. Gesi iliyo ndani ya mtungi ni maji, na ili igeuke mvuke inahitaji kunyonya joto kutoka kwenye chuma na hewa ya nje. Kadiri bruda inavyovuta kwa nguvu, mtungi hupoa, hata kutoa barafu ubavuni. Butani, ambayo ni sehemu ya mchanganyiko huo, karibu haigeuki mvuke kabisa nje kukiwa nyuzi sifuri. Mtungi uliobaki robo huathirika zaidi. Dawa yake ni kuunganisha mitungi miwili kwa pamoja, au kufunga mtungi uliojaa kila jioni na kuupeleka ule wa robo jikoni ukamalizie ugali na maharage mchana. Kuumwagia maji ya moto au kuuwekea makaa ni marufuku.

Kuhusu kununua, mtungi una namba mbili za kukumbuka: uzito wa mtungi mtupu uliochongwa kwenye chuma, na uzito wa gesi. Vikijumlishwa ndivyo mizani inapaswa kusoma. Kanuni za EWURA zinamtaka muuzaji awe na mizani dukani, na mteja ana haki ya kupimiwa. Kwa mfugaji wa mfano wetu, kilo moja inayopungua kwenye kila mtungi ni saa zaidi ya sita za joto. Mitungi ya kujaziwa vichochoroni iepukwe, hata ikiwa nafuu. Mlipuko wa Embakasi jijini Nairobi, mwezi Februari 2024, ulitokea kwenye kituo cha gesi kisicho na kibali.

Usiku wa kwanza na hewa safi

Bruda iwashwe siku moja kabla vifaranga hawajafika, ili maranda yenyewe yapate joto. Kifaranga hupoteza joto kupitia miguu, na maranda baridi humdhoofisha hata kama hewa ni moto. Wakati wa kuwasha, kiberiti kitangulie ndipo gesi ifunguliwe. Isiposhika kwa sekunde chache, ifungwe, mapazia yafunguliwe, na kusubiriwa dakika tano.

Badala ya kupasha banda zima, mfugaji azungushe duara la karatasi ngumu au mabati chini ya bruda, na kulipanua kila baada ya siku mbili tatu. Kipimajoto kikae usawa wa vifaranga, ukingoni mwa mwavuli. Kila wiki joto lipunguzwe kwa nyuzi tatu hivi hadi lifike kama 21. Vifaranga wenyewe ni kipimo kizuri zaidi: wakilundikana chini ya moto wana baridi, wakikimbilia ukingoni na kuhema wamezidiwa, wakijikusanya upande mmoja kuna upepo unaopenya.

Jambo linalowashangaza wengi waliotoka kwenye mkaa ni maranda kulowana. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, takriban kilo 1.6 za maji kwa kila kilo ya gesi. Zile kilo 35 za mfano wetu huingiza bandani lita 56 za maji, karibu ndoo tatu kubwa, wakati mkaa haukuwa na mvuke wa kiasi hicho. Maranda mabichi huzaa koksidiosisi, ile ya kuharisha damu, na huongeza amonia inayochoma macho. Kila kilo ya gesi pia hula mita za ujazo 13 za hewa.

Kwa hiyo banda lenye bruda ya gesi linahitaji kupumua zaidi ya lile la balbu. Mapazia ya juu yaachwe wazi kiasi cha kiganja, pande zote mbili, hata usiku wa baridi, na upepo wa chini ndio uzibwe. Mfugaji huona kama anatupa joto nje. Lakini kuku wa nyama wanaokua haraka kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, wakinyimwa hewa, hupata ugonjwa wa maji tumboni. Moyo huzidiwa kwa kusukuma damu kutafuta oksijeni, tumbo hujaa maji, na kuku hufa wiki ya nne au ya tano, akiwa ameshakula chakula chote cha kumkuza. Hasara hiyo huandikwa kwenye safu ya magonjwa, ingawa ilianzia kwenye pazia lililofungwa wiki ya kwanza.

Kundi likishatoka na bruda ikishasafishwa, ivikwe mfuko, mdomo wa bomba na ncha ya mpira vizibwe kwa kitambaa safi, na ining'inizwe stoo badala ya kuwekwa sakafuni. Siku mbili kabla ya kundi jingine iwashwe nje kwa dakika kumi. Kasoro yoyote itaonekana dukani kukiwa bado wazi.